Napiga vyombo vinne na safari ya kwanza iko mbele yangu: nishike kimoja?

KinandaMoro ameuliza:

Wakuu, habari za leo.

Nina miaka 24, niko Morogoro. Nilianza kinanda kanisani nikiwa darasa la sita. Mpiga besi wetu akahamishwa kikazi, hapakuwa na mtu, nikashika besi. Gitaa la solo nimejifunza mwenyewe nyumbani, na dramu napiga vya kutosha kumpumzisha mwenzangu ibada ikirefuka.

Sasa nimepata nafasi kwenye kundi dogo linalochanganya taarab na dansi. Tuko wanane. Mwakani kuna safari ya Ulaya, wiki sita. Kiongozi ameniambia wazi kwamba amenichukua kwa sababu nakaa popote: wimbo huu besi, ule kinanda, mwingine gitaa.

Nimefurahi, lakini sina amani. Mwalimu aliyenifundisha kinanda kaniambia mshika mawili moja humponyoka. Mama naye ameniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani: "Wakikuuliza wewe mpiga nini, utajibu nini?" Nilikaa kimya.

Naomba waliopita njia hii wanisaidie. Nichague chombo kimoja sasa hivi kabla sijachelewa? Na maisha ya safari yakoje kwa mtu anayepiga vingi?

SoloTandika amejibu:

Dogo, chagua kimoja. Wewe ni mtu wa Morogoro, mfano uko kwenu. Mbaraka Mwinshehe amefariki tangu 1979, na mpaka leo gitaa lake likilia redioni mtu anasimama mlangoni na kusema huyo ni Mbaraka, kabla sauti haijaingia. Jina la namna hiyo linajengwa kwenye chombo kimoja kwa miaka.

Kwenye dansi anayekaa popote huitwa mtu akikosekana. Mwenye chombo chake akirudi, wewe unarudi benchi. Nimewaona wengi, na nakwambia kwa mapenzi.

FidlaNgambo amejibu:

Mwanangu, swali lako nimelisoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Ndugu yangu wa Tandika kasema kweli, lakini ni kweli ya bendi inayokaa mji mmoja na kupiga ukumbi uleule kila wiki. Safari ina hesabu nyingine, na wacha nikueleze nilivyoiona.

Nina miaka 57, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Riziki yangu imetoka kwenye fidla, udi (unaofanana na gitaa la shingo fupi), kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinachopakatwa), kodiani na ile besi kubwa ya kusimama. Fidla ndiyo ya kwanza.

Kundi kamili la taarab la kwetu hujaza jukwaa. Fidla peke yake nne au tano, kisha kodiani, kanuni, udi, nai ya kupuliza, sello, besi, ngoma za dumbaki, rika na bongo, na waitikiaji nyuma. Watu ishirini na zaidi. Mwenye tamasha huko Ulaya akijumlisha tiketi, viza na vyumba, anakwambia: leteni wanane. Hapo ndipo mpiga vingi anapozaliwa. Kinachotafutwa ni wanane watakaotoa sauti ya ishirini.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa fidla ya tatu, yule anayekaa karibu na ukuta. Wawili waliokuwa mbele yangu walikuwa bora kuliko mimi, na nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo. Mmoja alikuwa akivuta upinde mpaka kinamama wanafunika uso kwa kanga. Walibaki wote wawili. Nikaenda mimi, kwa sababu nilikuwa naweza kuiweka fidla chini, nikashika besi wimbo unaofuata, na bashrafu ya kufungulia, ule muziki wa vyombo vitupu, nikaipiga kwa udi. Nilipanda ndege nikijua nimekaa kwenye kiti cha mtu anayenishinda. Hilo halijaniacha, na limenifanya niwe na adabu na kila chombo ninachokigusa.

Sasa bei yake, maana hili watu hawalisemi.

Fidla, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, uzi wake una kama sentimita 33. Udi una kama 60. Besi ya kusimama inapita mita. Na vyote vitatu havina vile vyuma vya shingoni ulivyozoea kwenye gitaa, vya kukuonyesha pa kukanyaga. Kidole kilichozoea hatua ya fidla kikienda kwenye udi kinakanyaga chini ya sauti, na kikitoka besi kuingia fidla kinapitiliza. Wewe mwenyewe unasikia umekosea kabla hadhira haijasikia, na uso unakubadilika. Dawa niliyopewa na mwalimu wangu ni kuimba. Kabla sijagusa chombo cha pili, naiimba kimoyomoyo ile sauti ya kwanza nitakayopiga, kisha naugusa uzi mtupu polepole, chini ya makofi ya watu, sikio lipate pa kushika. Nafasi yote hiyo ni sekunde nane au tisa. Siku nikiiruka, ubeti wa kwanza unakuwa mchafu.

Mikono nayo inalipa. Baada ya wiki mbili za besi, ncha za vidole vyangu vya kushoto zinakuwa ngumu kama kwato, na uzi mwembamba wa fidla siuhisi. Kanuni inataka uvae pete mbili kwenye vidole vya shahada na risha za kudonolea nyuzi zichomekwe ndani yake; ukiivaa kwa saa tatu, shahada inavimba kwenye fundo. Kisha unaitwa kwenye udi, risha ni ndefu, unaishika kwa kiganja kizima. Mtu anayekaa kwenye chombo kimoja, mwili wake hukizoea. Wangu haujapata kupumzika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: piga vingi, ila uwe na chombo cha nyumbani. Changu ni fidla. Popote nilipo, iwe Stone Town iwe chumba cha hoteli cha ghorofa ya sita, asubuhi natoa saa moja ya fidla peke yake, sauti ndefu ndefu, bila wimbo. Siku ambayo nilipigiwa simu tukiwa safarini kwamba baba amefariki, jioni yake tulikuwa na onyesho na hapakuwa na wa kunishikia. Niliwaomba wenzangu wanitoe kwenye kanuni na udi usiku ule, wanipe fidla tu. Mikono iliijua njia hata mimi nilipokuwa siioni. Vyombo vingine vyote usiku ule vingenitupa.

Mama akikuuliza tena, mtajie hicho kimoja.

Wa kumtazama tunao. Mohamed Issa Haji, tunayemwita Matona, hapa Unguja anapiga fidla, udi na kanuni, amesafiri navyo, na amefundisha vijana wengi pale DCMA, chuo chetu cha muziki, tangu enzi za jumba la forodha la zamani, Mizingani. Fidla ukimsikia, unajua ndiye.

Nimalizie na kanuni, maana nyinyi mnaokwenda na taarab mtaikuta. Ina nyuzi kama 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi nyembamba. Kwetu hewa ina maji, ngozi inalegea kidogo na sauti inakuwa nene. Tulifika kaskazini mwa Ujerumani mwezi wa Novemba, nikaingiza kanuni chumbani, na kipasha joto kilikuwa kimewaka mchana kutwa. Usiku nikasikia "ta!", kama kijiti kimevunjwa. Nikawasha taa. Ubao wa uso ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole changu, karibu na tundu la sauti. Mbao ilikuwa imekauka na kujikunja. Nilikaa kitandani nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Asubuhi ngozi ilikuwa imekaza, sauti zote zimepanda, na kila uzi umepanda kwa kiasi chake. Nilianza kuzirekebisha sauti saa nne, nikamaliza adhuhuri, ufunguo umeniachia alama kwenye kiganja. Tangu hapo nikiingia chumbani nazima kipasha joto, naweka bakuli la maji na taulo mbichi, na kanuni haitoki kwenye mkoba wake mpaka imekaa saa kadhaa ikizoea hewa.

Mengine kuhusu fedha nitaandika ukiuliza. Sasa hivi nina mwanafunzi mlangoni.

MtuWaBagamoyo amejibu:

Niongeze jina moja kwa anayedhani kupiga vingi ni kukosa msimamo: Hukwe Zawose, mzee wetu wa Kigogo. Ilimba (ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba), zeze, filimbi, njuga miguuni, na sauti inayoshuka chini kabisa kisha inaruka juu kama ya mwanamke. Mwalimu Nyerere alimtoa Dodoma kuja kupiga Dar es Salaam, akafundisha Chuo cha Sanaa hapa Bagamoyo, akazunguka dunia hadi kwenye jukwaa la WOMAD, tamasha la muziki wa dunia, kwa sehemu kubwa akiwa na mpwa wake Charles. Alifariki Desemba 2003.

Kwa Wagogo hayo hayakuwa mambo manne. Ukiisikiliza ilimba yake na kisha zeze, ni sauti zilezile za Ugogo, zimebadilishiwa nyumba tu. Kijana, jiulize kama vyombo vyako vinne vinasema lugha moja. Kinanda cha kanisani na besi ya kanisani nadhani vinasema, maana umevilea pamoja.

KinandaMoro:

Shikamoo mzee FidlaNgambo, na asanteni nyote. Nimesoma habari ya kanuni iliyopasuka nikaenda kuangalia gitaa langu lilivyoegemezwa dirishani. Nimelitoa.

Nina maswali mawili. La kwanza, kiongozi amesema malipo ni sawa kwa kila mtu. Mimi nitapiga vyombo vitatu kila onyesho na nitasaidia kubeba vyote. Naogopa nikisema nitaonekana nina tamaa kabla sijathibitisha chochote. La pili, nibebe kinanda changu au nikute huko?

BintiSello amejibu:

Kaka, hilo la kwanza niachie, maana nimelipitia.

Mimi napiga sello, na besi nilijifunza kwa sababu wanaume kwenye kundi walikuwa hawataki kuibeba. Kwetu mwanamke alitegemewa aimbe; kushika chombo kumekuja kukubalika polepole, na kundi la Tausi la wanawake watupu limewafumbua wengi macho. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusafiri, nilinyamaza kuhusu pesa. Nikapiga vyombo viwili kwa posho moja, safari nzima, siku 31. Nilirudi nimekonda, na mwandalizi mmoja hadi leo hajamaliza deni la maonyesho mawili ya mwisho.

Safari ya pili nilifanya hivi. Siku ileile nilipopewa orodha ya nyimbo, niliandika ujumbe mfupi wa heshima: wimbo namba fulani sello, namba fulani besi, mazoezi ya vyombo viwili, nyuzi za vyombo viwili nanunua mimi. Nikauliza kundi litanisaidiaje. Sikutaja kiasi. Wakakaa wakarudi na fungu moja na nusu, na nyuzi zikalipwa na kundi. Kama ningesubiri hadi tuwe ndani ya basi huko Ulaya, ningekuwa mgomvi. Mweleze kiongozi wako sasa, tiketi hazijanunuliwa.

Na omba jambo jingine lisilo na bei: kukaa pale orodha ya nyimbo inapopangwa. Mimi mwanzoni nilikuwa nabadilisha chombo kila wimbo, mara saba kwa saa moja. Waya unakatika, chombo kilichoachwa chini ya taa kinapotea sauti, mwimbaji anajaza kimya kwa maneno yasiyo na mpango. Tukapanga upya: nyimbo nne za sello kwanza, kisha nne za besi. Nabadilisha mara moja. Wasikilizaji hawakuona tofauti, mimi niliona.

La mwisho, mpiga dumbaki wetu alishikwa na homa wiki ya pili. Wenyeji wakadhani mafua ya baridi, akapewa chai. Nikasisitiza daktari aambiwe tumetoka Tanzania na apimwe malaria, na kweli ilikuwa malaria. Ukishikwa na homa huko, hilo ndilo liwe neno lako la kwanza.

FidlaNgambo amejibu:

Marahaba mwanangu. BintiSello kaniondolea kazi, na kaisema vizuri kuliko ningeisema mimi. Hilo la kupanga nyimbo nimelijua nikiwa na miaka 40, yeye kalijua kwenye safari ya pili.

Naongeza ya makaratasi. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inakupa hadi siku 90 ndani ya kila 180, na siku za safari iliyopita zinahesabiwa. Wiki sita zako zinaingia vizuri. Ila kundi likipenda na likaitwa tena baada ya mwezi, hesabu siku kabla hujasema ndiyo.

Ujerumani mwanamuziki mgeni hukatwa kodi palepale kwenye malipo ya onyesho, asilimia 15, na juu ya kodi hiyo nyongeza ya mshikamano, jumla asilimia 15.825. Uliza mapema: kiasi nilichoambiwa ni kabla ya makato au baada? Makundi mengi yamegombana kwenye basi kwa sababu ya swali hilo moja. Omba na karatasi ya makato.

Vyombo vyako viandike kwenye karatasi, aina na namba ya kila kimoja, uvipige picha kabla ya kutoka. Mimi niliwahi kudaiwa ushuru wa kodiani yangu mwenyewe nikirudi nyumbani nayo, kodiani niliyoondoka nayo, kwa sababu sikuwa na kipande cha karatasi. Nilikaa kwenye benchi la kiwanja cha ndege toka alfajiri hadi saa tano.

Jambo jingine halikuhusu leo lakini lijue, maana mwenzenu anaweza kuja na klarineti. Klarineti nzuri nyingi huchongwa kwa mpingo, na mpingo ni wetu, wa misitu ya kusini. Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, wapigaji wakahangaika mipakani. Tangu mwisho wa 2019 chombo kilichokwisha tengenezwa kimeachiwa kwa miti mingi ya jamii hiyo, mpingo ukiwemo. Nilimshika mkono mpiga klarineti mmoja huko, mzee kama mimi, nikamwambia mti wake umetoka karibu na kwetu. Akanipa niishike. Ni nzito, na harufu yake ukiipasha moto kwa pumzi ni ileile ya karakana za vinyago.

Sasa kinanda. Usibebe. Mwambie kiongozi aandike kwenye mahitaji ya jukwaa aina ya kinanda, idadi ya funguo, na pedali ya mguu, watu husahau pedali. Wenyeji watakitafuta. Wewe beba sauti zako kwenye flashi, na ufike mapema uzipakie. Umeme wa Ulaya nguvu yake ni kama wetu, 230, ila tundu ni la duara, hivyo nunua vichwa vya kubadilishia viwili, kimoja kitapotea. Gitaa utaazimwa pia, kila mji una gitaa.

Besi beba yako. Mkoba mgumu, nguo zilizokunjwa chini ya shingo na pande zote za kichwa, nyuzi seti mbili za akiba.

Umeona nilivyopanga? Nimekusoma tangu swali la kwanza. Kinanda ulipewa, gitaa ulijitafutia, dramu unampumzisha mwenzio. Besi uliishika kwa sababu hapakuwa na mtu na wimbo ulikuwa unaanguka, na tangu siku hiyo hukuandika kwamba uliiacha. Usinikubalie haraka. Kaa wiki mbili, kila asubuhi saa moja ya besi peke yake, sauti ndefu, bila wimbo. Kisha njoo hapa uniambie kama saa ile ilikuwa ndefu au fupi.

KinandaMoro:

Mzee, nimeanza leo saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuja mlangoni na kikombe cha chai, akasimama akisikiliza uzi mmoja tu, wa chini kabisa. Akauliza, "Hicho ndicho?" Nimemwambia anipe wiki mbili.